Jimbo Moja kwa Siku: Namna ya Kuijua Ramani ya Marekani kwa Mchezo wa Kukisia

Kila baada ya miaka minne, msikilizaji wa redio za Kiswahili humiminiwa majina: Pennsylvania, Michigan, Wisconsin, Arizona, Georgia. Wengi wetu husikiliza mpaka mwisho wa taarifa bila kujua kama Wisconsin iko kaskazini au kusini, pwani au bara. Na si habari za uchaguzi tu. Tuna watu wetu huko. Shangazi yuko Minnesota, mtoto wa jirani amepata chuo Iowa, familia iliyokuwa katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu imepelekwa Kentucky. Tunawapigia simu na kuwaombea, lakini tukiwekewa ramani tupu hatuwezi kuweka kidole mahali walipo.

Ukitaka kuijua ramani hiyo, huhitaji kukariri orodha ya majimbo 50 kama tulivyokariri miji mikuu ya Afrika darasa la tano. Kuna michezo ya simu inayokupa jimbo moja kila siku ulikisie. Dakika tano zinatosha. Ila uchezaji wenyewe una namna yake, na asiyeifuata anaweza kucheza mwaka mzima na asijue Nebraska ilipo.

Michezo hii ni watoto wa Wordle, ule mchezo wa kukisia neno uliobuniwa na Josh Wardle na kununuliwa na gazeti la New York Times mwanzoni mwa 2022. Januari ya mwaka huohuo Mfaransa Antoine Teuf alitoa Worldle, ambamo unakisia nchi badala ya neno, na baada yake yakafuata matoleo ya majimbo ya Marekani. Kanuni ni zilezile. Unaonyeshwa umbo la jimbo, jeusi tupu, halina jina wala mto wala mji. Unaandika jina la jimbo unalodhani ndilo. Ukikosea unaambiwa jimbo la siri liko kilomita ngapi kutoka lile ulilotaja, na unapewa mshale wa kuonyesha upande. Kwa kawaida una nafasi sita. Ukifaulu au ukishindwa, unasubiri kesho.

Kosa la kwanza la wachezaji ni kufungua ramani pembeni na kulinganisha umbo. Watapata jibu kwa jaribio la kwanza, na kesho yake watakuwa wamelisahau. Jibu ulilolipata bila kuhangaika halikai kichwani. Kwa hiyo jiwekee sharti hili na ulishike: hakuna ramani mpaka mchezo uishe, na mchezo ukiisha ramani ni lazima. Umbali na mshale unaopewa baada ya kukosea ndiyo somo lenyewe. Kila kosa linakupa kipande cha ramani ambacho hukuwa nacho, nawe unakiunganisha na vipande vya jana.

Anzia katikati

Siku ambayo umbo halikuambii kitu, anza na Kansas. Kitovu cha yale majimbo 48 yaliyoungana kiko karibu na mji mdogo wa Lebanon, kaskazini mwa Kansas, kwa hiyo kutoka hapo mshale wowote una maana. Ukielekea kaskazini mashariki na umbali ukakaribia kilomita 2,500, umefika Maine, pembe ya mwisho. Umbali ukisoma kama 1,850, angalia mshale kwa makini, maana California na Florida ziko karibu sawa kwa umbali kutoka Kansas, moja magharibi na nyingine kusini mashariki. Umbali peke yake hauna faida bila mshale.

Hapa pana jambo linalowachanganya wengi. Umbali hupimwa kutoka kitovu cha jimbo moja hadi kitovu cha jingine. Haupimwi kutoka mpakani. Kansas na Nebraska zinapakana, lakini mchezo utakuambia kuna kama kilomita 350 kati yake, pungufu kidogo ya safari ya ndege kutoka Nairobi hadi Mombasa. Texas na New Mexico nazo zinapakana, ila vitovu vyake vimeachana kwa zaidi ya kilomita 700, kwa sababu yote mawili ni mapana mno. Ukija kaskazini mashariki, Connecticut na Rhode Island hazifikishi hata 110. Mtu asiyejua hili hudhani kilomita 700 ni majimbo mawili au matatu ya kuruka, akapita jirani wa mlango wa pili. Jifunze kuusoma umbali kulingana na sehemu ya nchi: magharibi kilomita 500 ni jirani, mashariki kilomita 500 ni kuvuka majimbo kadhaa.

Tuseme jimbo la siri ni Alabama, nawe umeanza na Kansas. Unapata kama kilomita 1,200, mshale wa kusini mashariki. Unajaribu Georgia. Sasa unaambiwa kilomita 320 hivi, magharibi. Jirani wa magharibi wa Georgia kwa umbali huo ni Alabama. Mississippi ingekuwa karibu 600. Umejibu kwa jaribio la tatu, lakini faida kubwa zaidi ni kwamba sasa umejua mstari mzima: Mississippi, Alabama, Georgia, kutoka magharibi kwenda mashariki, yamepangana bega kwa bega. Mara nyingine ukilipata moja utayapata na mengine mawili.

Tahadhari moja kuhusu ukubwa. Mchezo huchora kila jimbo lijaze kioo cha simu, hivyo Rhode Island na Texas huonekana sawa. Texas peke yake, yenye kilomita za mraba karibu 696,000, inaipita Kenya nzima. Nchi kavu ya Rhode Island haizidi sana Unguja na Pemba vikiunganishwa. Kwa hiyo usikisie kwa ukubwa. Kisia kwa kingo: upande gani umenyooka, upande gani umepindapinda, na kwa nini.

Kwa nini mpaka uko pale

Swali hilo la "kwa nini" ndilo kiini cha mwongozo huu. Umbo la jimbo ni historia iliyochorwa. Ukiijua sababu ya kona, kona haisahauliki. Usipoijua, majimbo yote ya magharibi ni maboksi tu.

Majimbo ya mashariki yalitokana na makoloni ya Waingereza, na mipaka yake ilifuata mito, milima, na hati za wafalme waliogawa ardhi wasiyowahi kuikanyaga. Ndiyo maana kingo zake zina mikunjo mingi. Maryland upande wa magharibi imebanwa kati ya mto Potomac na mstari wa Mason na Dixon, uliopimwa kati ya 1763 na 1767, hata pale panapobana zaidi upana wa jimbo zima ni kama kilomita 3 hivi. Ukiona umbo lenye kiuno chembamba namna hiyo, usiwaze mara mbili. Delaware ina kichwa cha mviringo kwa sababu mpaka wake wa kaskazini ni sehemu ya duara la maili 12 lililochorwa kuzunguka mji wa New Castle. Massachusetts unaitambua kwa mkono uliojikunja baharini, Cape Cod. Pennsylvania ni kama mstatili, lakini kona yake ya kaskazini magharibi inachomoza kufikia ziwa Erie. Pembetatu hiyo ilinunuliwa 1792 ili jimbo lipate bandari ziwani.

Ukivuka kwenda magharibi mambo yanabadilika. Huko mipaka iliamuliwa na Bunge la Marekani, watu wakiwa Washington mbele ya karatasi, wakitumia mistari ya latitudo na longitudo. Mstari wa nyuzi 37 kaskazini ujue kwa jina: ni mpaka wa kusini wa Utah, Colorado na Kansas, na juu yake ndipo zinapoishia Arizona, New Mexico na Oklahoma. Mstari wa nyuzi 49 ni mpaka na Kanada kuanzia jimbo la Washington hadi Minnesota. Ukiishika mistari hii miwili, magharibi yote inapata mifupa.

Colorado na Wyoming ndizo zinazowatesa wengi, kwa kuwa yote mawili yanaonekana ya pembe nne tu. Yote yalipewa nyuzi nne za latitudo kwa nyuzi saba za longitudo. Lakini longitudo hukaribiana kadiri unavyokwenda kaskazini, na Wyoming iko juu ya Colorado, hivyo Wyoming ni nyembamba kidogo kwa upana. Kwa jicho la haraka tofauti hiyo ni ndogo mno. Ushauri wangu: ukiona boksi tupu, kisia Colorado kwanza, na mshale ukionyesha juu, jibu ni Wyoming. Hakuna aibu kutumia jaribio moja kwa njia hiyo. Boksi lililomegwa kona ya juu kulia ni Utah, na kipande kilichomegwa ni cha Wyoming. Boksi lenye kona ya juu kulia iliyotafunwa na mto ni Kansas, na mto huo ni Missouri. Nebraska imemegwa chini kushoto, mahali pa Colorado.

Na sasa Oklahoma, ambayo kila mtu huitambua kwa ule mkono mrefu mwembamba unaonyooka kwenda magharibi. Mkono huo ni kovu la utumwa. Mwaka 1820 Bunge lilipatana kwamba katika ardhi iliyonunuliwa kwa Wafaransa, kaskazini mwa nyuzi 36 na nusu utumwa ungepigwa marufuku, isipokuwa Missouri. Texas ilipoingia katika muungano 1845 iliingia ikiwa na watumwa, na haikuwa tayari kuwaachia. Katika mapatano ya 1850 ikakubali kuiacha ardhi yake yote iliyopita juu ya mstari huo. Miaka minne baadaye mpaka wa kusini wa Kansas ukawekwa kwenye nyuzi 37. Kati ya 36 na nusu na 37 kikabaki kipande cha ardhi kisicho cha jimbo lolote, kisicho na serikali wala mahakama, watu wakakiita ardhi isiyo na mwenyewe. Kiliunganishwa na Oklahoma 1890, na Oklahoma yenyewe ikawa jimbo 1907. Yaani watu waliopigania haki ya kummiliki mtu mwingine ndio waliochora umbo unaloliona kwenye simu yako leo. Mimi naona jambo kama hili halifai kupitwa kwa ajili ya kuwahi jibu.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe navyo vimeacha alama. West Virginia ilijitenga na Virginia ikawa jimbo 1863, vita vikiwa vimepamba moto, kwa kuwa watu wa milimani hawakutaka kujitoa katika muungano. Umbo lake lina mikono miwili, mmoja ukichomoza juu, mwingine mashariki, na hakuna jimbo jingine linalofanana nalo.

Mito ifuatwe kama barabara

Njia nyepesi ya kuyapanga majimbo ya katikati ni kushuka na mto Mississippi. Mto huu unagusa majimbo kumi. Ukingo wa magharibi, kutoka juu kwenda chini, ni Minnesota, Iowa, Missouri, Arkansas, Louisiana. Ukingo wa mashariki ni Wisconsin, Illinois, Kentucky, Tennessee, Mississippi. Wanafunzi wa Marekani hufundishwa kuyaona yale matano ya magharibi kama mpishi aliyesimama: Minnesota ni kofia, Iowa uso, Missouri shati, Arkansas suruali, Louisiana viatu, na ncha ya kiatu inaelekea mashariki. Mtazame huyo mpishi mara moja tu ramanini, utayakumbuka yote matano kwa mpangilio wake.

Missouri ina kijikona kinachoning'inia kusini mashariki, kati ya mto Mississippi na mto St. Francis, nacho kimeingia mahali ambapo ungetegemea pawe pa Arkansas. Kijikona hicho ndicho kitambulisho chake. Iowa iko kati ya mito miwili, Mississippi mashariki na Missouri magharibi, ndiyo maana pande hizo mbili zimepinda ilhali juu na chini pamenyooka.

Mto Ohio nao fanya hivyohivyo. Kaskazini mwake kuna Ohio, Indiana na Illinois. Kusini mwake West Virginia na Kentucky. Zamani ulikuwa mpaka kati ya ardhi ya utumwa na ardhi ya uhuru, na watumwa waliokuwa wakitoroka Kentucky waliuvuka usiku.

Michigan haiwezi kukushinda, kwa sababu ni jimbo la vipande viwili vilivyotenganishwa na maji. Lakini jiulize kipande cha juu, ambacho kwa nchi kavu kimeungana na Wisconsin, kilifikaje mikononi mwa Michigan. Michigan na Ohio ziligombania mji wa Toledo na ardhi inayouzunguka, hata wanamgambo wakakusanywa 1835. Bunge likaipa Ohio mji huo, na Michigan ikapewa rasi ya kaskazini kuwa fidia, ndipo ikakubaliwa kuwa jimbo 1837. Daraja la Mackinac lililoviunganisha vipande hivyo lilifunguliwa 1957.

Pacha na mitego

Kuna majimbo yanayokwenda kwa jozi, na mchezo huyatumia kukukamata. Vermont na New Hampshire zimetenganishwa na mto Connecticut na zimelala kinyume: Vermont ni pana juu na nyembamba chini, New Hampshire ni nyembamba juu na pana chini. Mississippi na Alabama ni kama mtu na kivuli chake kwenye kioo. Zote zina mguu mdogo unaogusa bahari. Mguu wa Mississippi uko upande wa kulia, wa Alabama upande wa kushoto, kwa sababu miguu hiyo miwili inakaribiana. North Dakota na South Dakota zilitangazwa kuwa majimbo siku moja, tarehe 2 Novemba 1889, na Rais Benjamin Harrison alizichanganya hati kabla ya kutia sahihi ili isijulikane lipi lilitangulia. Kwa umbo, ile ya kusini ina kijimkia chembamba kona ya chini kulia.

Majimbo madogo ya kaskazini mashariki ndiyo magumu kuliko yote, wala sina njia ya mkato ya kukupa. Jipe mwezi wa kuyarudia. Maine walau ina jambo moja la kukusaidia: ndilo jimbo pekee linalopakana na jimbo moja tu, New Hampshire.

Alaska na Hawaii zinahitaji onyo. Ramani nyingi huziweka katika kijisanduku chini kushoto, karibu na Mexico, ili zienee kwenye karatasi. Watu wazima kabisa hudhani Alaska ni kisiwa kilicho kusini. Alaska iko juu kabisa kaskazini magharibi, ng'ambo ya Kanada, na ukubwa wake ni karibu mara mbili ya Tanzania. Hawaii iko katikati ya Pasifiki. Kutoka San Francisco hadi Honolulu ni zaidi ya kilomita 3,800. Yote mawili yalikuwa majimbo 1959. Mchezo ukikuambia uko kilomita elfu kadhaa kutoka Kansas, ni moja kati ya hayo mawili, na mshale utamaliza ubishi.

Majina nayo yana mitego yake. Washington ya jimboni iko pwani ya magharibi, juu ya Oregon. Washington yenye Ikulu iko mashariki na si jimbo. Kansas City iliyo kubwa iko Missouri. Kuna Portland ya Oregon na Portland ya Maine, pande mbili tofauti za nchi, na ndugu yako akikuambia yuko Portland, muulize ipi.

Baada ya jibu kupatikana

Sasa fungua ramani. Litazame jimbo la leo, soma majina ya majirani zake wote kwa sauti, ukizunguka kama mshale wa saa. Kisha fumba macho uyarudie. Andika katika daftari mstari mmoja tu: jina, majirani, na sababu ya upande mmoja wa mpaka. Kama una mtu unayemfahamu huko, andika jina lake pembeni. Jina la mtu hushika kuliko jina la mji mkuu. Miji mikuu iache kwanza. Mara nyingi siyo ile mikubwa inayojulikana, na ukiichanganya na majimbo mapema utachoka bure. New York mji mkuu wake ni Albany, California ni Sacramento, Illinois ni Springfield. Itakuja yenyewe baadaye.

Daftari hilo lina faida ya haraka kwa wenye ndugu huko: saa. Tukiwa saa mbili asubuhi Dodoma au Nairobi, Minnesota ni saa tano usiku wakati wa baridi na saa sita usiku wakati wa kiangazi, kwa sababu Wamarekani wengi husogeza saa zao mara mbili kwa mwaka. New York tunaipita kwa saa nane au saba, California kwa saa kumi na moja au kumi. Arizona, ukiacha eneo la Wanavajo, haisogezi saa. Kentucky na Tennessee zimegawanyika, upande wa mashariki una saa yake na wa magharibi ya kwake. Ukijua jimbo lilipo kutoka mashariki kwenda magharibi, hutamwamsha shangazi usiku wa manane kumsalimia.

Kama nyumbani hakuna bando, au watoto hawana simu, mchezo unaweza kuchezwa kwa karatasi. Chora maumbo 50 kwenye vipande vya maboksi, bila majina, na utundike ramani iliyogeuzwa uso ukutani. Kila jioni mmoja anachomoa kipande na kuwa mwenye siri. Hapa tunao utaratibu wetu wa vitendawili, na unafaa kuliko programu yoyote. Mwenye siri anasema "Kitendawili!", wanajibu "Tega!", anainua umbo. Kila anayekisia anajibiwa upande: kaskazini zaidi, mashariki zaidi. Wakishindwa, badala ya "Nipe mji" anasema "Nipe jimbo", nao lazima wampe jimbo ambalo halijatajwa wiki hiyo, na waeleze linapakana na nani. Hapo aliyeshindwa naye anajifunza, na hakuna anayekaa kimya. Watoto wa miaka minane wanaweza. Bibi anaweza. Mwenye siri apewe rula ya kupimia umbali ramanini kama anataka ukali zaidi.

Usihesabu siku ulizofaulu mfululizo. Programu itakuonyesha hesabu hiyo kila siku na kukutia hofu ya kuikata, na hofu hiyo ndiyo inayowafanya watu wachungulie jibu. Siku uliyotumia nafasi zote sita na ukashindwa huwa na mafunzo sita, mradi umefuata mishale yote kwenye ramani baadaye.

Ukitaka kujipima, usitumie mchezo. Chukua karatasi tupu, andika "Missouri" katikati, kisha uizungushie majirani zake wanane: Iowa, Illinois, Kentucky, Tennessee, Arkansas, Oklahoma, Kansas, Nebraska. Fanya vivyo hivyo kwa Tennessee, ambayo nayo ina wanane: Kentucky, Virginia, North Carolina, Georgia, Alabama, Mississippi, Arkansas na Missouri. Hakuna jimbo jingine lenye majirani wengi hivyo, na ukiyaweka yote mahali pake, na kila moja upande wake, umeshaijua katikati na kusini ya nchi ile. Kaskazini mashariki endelea kurudiarudia kila wiki mpaka nako kukae kichwani.